Upande wa Kushoto wa Kihamba

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu alikuja mbio kutoka shambani, ameziba jicho moja kwa kiganja. Hakukaa wala hakunisalimia. Aliniuliza tu, "Mama Agnesi, ni kweli wewe uliwahi kuona msumeno hewani?" Nikamwambia ni kweli. Akaanza kulia. Nikamkalisha, nikamkorogea uji, nikamsimulia haya ninayoyaandika. Alipoondoka niliona afadhali niyaweke kwenye karatasi, kwa sababu sina subira ya kusimulia jambo moja mara kumi, na najua wako wengine waliojificha huko na misumeno yao.

Mimi si daktari. Mambo ya ubongo nilielezwa mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimeyasahau kabla sijafika stendi. Nitaeleza nilivyoishi tu.

Msumeno wa kwanza niliuona sokoni Kiboriloni, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ilikuwa ile miaka ambayo watu binafsi walianza kupanda mlimani kununua kahawa, kila mmoja na mizani yake, na mitumba ilikuwa imejaa sokoni hadi kwenye njia ya kupita. Nilikuwa nimeshusha mikungu ya ndizi mshare kutoka kwetu Kilema, na mama mmoja alikuwa ananiuliza bei. Kikatokea kidoa kidogo kinachong'aa, kama pale unapoangalia bati lililopigwa na jua halafu ukageuza macho. Nikapikicha macho. Kidoa kikakua, kikapinda, kikaota meno. Mume wangu Faustini ni seremala na misumeno naifahamu. Yalikuwa meno ya msumeno yanayometameta na kutetemeka, yakisogea taratibu kuelekea kushoto, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Watu hudhani ni giza. Si giza. Hapana kitu tu. Yule mama alibaki na jicho moja, nusu ya pua na nusu ya mdomo, na ile nusu ya mdomo ilikuwa inaniomba nimpunguzie.

Nilimpunguzia. Sijawahi kumpunguzia mtu upesi namna ile.

Baada ya muda kama wa kuchemsha maharage mpaka yaanze kutokota, msumeno ukaisha wenyewe. Nikashukuru Mungu. Ndipo kichwa kikaanza, upande wa kulia, kikipiga pamoja na moyo. Nikatapika nyuma ya mikungu yangu mwenyewe, nikajifunika khanga usoni kwa sababu jua lilikuwa linanichoma ndani ya fuvu, nikakaa hivyo mpaka soko likapungua watu.

Sikumwambia mtu. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo kosa langu, na mabaya yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kwetu nilijulikana kwa mwendo. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nakamua, nashuka Kiboriloni, napanda, napika, kabla wenzangu hawajamaliza kufunga mizigo. Mama mkwe alipenda kusema kwamba Filomena hata akikaa, miguu yake inatembea. Nilipenda kusemwa hivyo. Niliogopa kitu kimoja tu duniani, kuambiwa nikae.

Basi nikawa naishi na misumeno yangu. Ilinijia nikiwa na njaa. Ilinijia mvua ikikatika na jua likimulika mabati. Mara moja ilinijia kanisani, nikaona nusu ya padri akiinua nusu ya kikombe. Nilikuwa nikisingizia malaria, nikisingizia chakula. Mama mkwe alinitazama ninavyotapika akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Agnesi, una habari njema unatuficha?" Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu! Nilicheka mpaka kichwa kikaniuma zaidi.

Nilijaribu na miwani ya mtumba. Kulikuwa na meza sokoni imejaa miwani ya wazungu, unajaribu moja baada ya nyingine kama viatu. Nikapata moja iliyofanya kila kitu kiwe kikubwa, hata mbu. Faustini alikuwa na karakana yake mjini, Shirimatunda, na alipanda nyumbani kila Jumamosi. Aliponikuta nimeivaa alisema, "Karibu, mwalimu mkuu." Nikaivua.

Masika yaliyofuata, msumeno ulikuja asubuhi nikiwa nakamua, na haukuisha. Ulikaa siku nzima. Nililala chumbani nimefunga madirisha, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi kama nimevilalia. Kesho yake kichwa kilipoa na meno yakaondoka. Lile tupu lililokuwa nyuma ya meno likabaki.

Nilisubiri. Mvua ilikuwa inanyesha, migomba inanguruma kwa upepo, nami nimesimama katikati ya chumba, nafumba jicho moja, nafumbua. Nilifumba la kulia, upande wa kushoto haupo. Nikafumba la kushoto, upande wa kushoto bado haupo. Hapo nilichanganyikiwa kabisa, maana nilitegemea jicho moja ndilo bovu, lingine lingenisaidia. Nikajiambia nijipe siku mbili. Zikawa mbili, zikawa kumi, na ndizi zilikuwa zinaiva, ng'ombe analia, nani angekaa?

Usiyeona upande mmoja huoni kwamba huoni. Hilo ndilo gumu kumweleza mtu. Niligonga miimo ya milango mpaka bega likawa jeusi. Nilimwaga maziwa. Nilikula mtori wa ndizi upande wa kulia wa sahani, nikaamini nimemaliza. "Chakula changu hakikupendezi siku hizi?" mama mkwe akaniuliza, akiangalia nusu iliyobaki. Na kibaya kuliko vyote, niliwapita wazee njiani bila shikamoo. Wakiwa kulia nawaamkia, wakiwa kushoto napita kama nimepita mgomba. Mzee mmoja alimweleza Faustini kwamba mke wake siku hizi anachagua wa kusalimia. Nilisikia aibu.

Sasa nieleze habari ya masale, kwa ajili ya asiyetoka kwetu. Isale ni mmea wa majani marefu, na kwetu ndio unaoonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mpaka wa masale haukatwi. Na jani lake ndilo tunaloombea msamaha. Ukimkosea mtu hata kwa jambo zito, unamfuata na isale mkononi, na yeye anapokea, hata kama moyo unachemka. Unaweza kumnunia mtu miaka. Lakini kumwacha amesimama na isale mkononi, hilo halifanyiki. Sijawahi kulisikia.

Baba mkwe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na kihamba kikagawanywa kati ya wanawe wawili, mume wangu Faustini na kaka yake Klementi. Kihamba chenyewe kilikuwa kidogo, na kila mmoja aliona ameonewa kidogo, ingawa walinyamaza kwa heshima ya marehemu. Klementi ndiye aliyepanda masale, mstari mmoja kutoka kwenye mfereji hadi barabarani. Yalikuwa bado mafupi, mashina laini. Upande wetu, kandokando ya mstari, mimi nilikuwa nimepanda mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe.

Siku hiyo niliteremka na panga kukata mabingobingo. Mpaka ulikuwa kushoto kwangu. Nilikata nikishuka, kwa mwendo wangu ule ule, mkono wa kushoto unakusanya, wa kulia unakata, nikafunga mzigo, nikapandisha kupitia migombani, nikamtupia ng'ombe, nikaenda kuwasha moto. Kazi ilinifurahisha. Nilijiona nimepona.

Alasiri Klementi akaja. Yeye ni mtu mrefu, mpole, asiyezoea kupaza sauti. Alisimama uani.

"Shikamoo shemeji. Karibu."

Hakuitikia. "Mama Agnesi, leo umekata majani wapi?"

"Pale chini, kwenye mabingobingo."

"Na masale yangu nani ameyakata?"

Mdomo wangu una mbio kama miguu. "Shemeji, mimi nikate masale? Nimerukwa na akili? Waulize watoto wako, au huyo ng'ombe wako anayekata kamba kila siku!"

Klementi aligeuka. Alikwenda kwenye hori la ng'ombe wangu, akaingiza mkono, akatoa majani marefu ya kijani, fungu zima. Ng'ombe alikuwa amekula mabingobingo na kuyaacha masale. Akayashika mbele yangu.

"Ng'ombe wangu ndiye aliyeyaleta humu?"

Tulishuka pamoja. Niligeuza kichwa chote kushoto, kama bundi, ndipo nikaviona visiki. Vilikuwa kumi na vinne. Vyote vimekatwa mshazari, pigo moja moja, na mkono wangu naujua.

"Shemeji, sikuyaona."

"Umepita mstari mzima, shina kwa shina, hukuyaona."

"Upande wa kushoto sioni."

"Tangu lini?"

"Tangu masika yalipoanza."

"Na umemwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja. Klementi aliniangalia machoni, na macho yangu, msomaji, hayana kasoro hata leo, hayana ukungu wala makengeza. Alisema, "Macho yako mazima kuliko yangu. Wewe huoni mpaka tu." Akaondoka na masale yake chini ya kwapa.

Jumamosi Faustini alipopanda alikuwa ameshasikia kila kitu njiani. Hakugomba. Alichukua penseli yake ya useremala nyuma ya sikio, akasimama mbele yangu, akainyoosha kushoto. "Hii nini?"

"Ipi?"

Akaisogeza, akaisogeza, mpaka ikafika katikati ya pua yangu. "Penseli," nikasema. Akakaa kwenye kitanda. Ndipo akagomba, na alinigomba kuliko siku zote tulizoishi pamoja. "Nalala na wewe kitanda kimoja! Ulitaka nijue lini? Ukishatumbukia mferejini?" Nililia, naye akatoka nje akaranda mbao isiyohitaji kurandwa. Nilijua ameniamini. Lakini kuaminiwa na mume hakukutosha. Klementi alikuwa amewaeleza watu kwamba nimekata mpaka ili tusogeze, na kwetu hilo likikuganda linawaganda na watoto wako. Nilitaka aamini. Nilitaka hilo hata kuliko kuona.

Jumatatu tulikwenda hospitali mjini. Anayejua mabenchi ya hospitali anajua. Unafika kabla ya jua, unakuta wenzio walilala pale pale. Kila nusu saa nilisimama nikaenda mlangoni, nikarudi, nikasimama tena. Mama mmoja kutoka Rombo, aliyemleta mzee wake mwenye mtoto wa jicho, alikuwa amekaa kushoto kwangu. Alianza kuniongelesha. Inaonekana aliongea sana kabla sijamjibu, kwa sababu nilidhani anaongea na mtu mwingine. Basi akainuka, akazunguka, akakaa kulia kwangu, akaendelea na habari zake pale pale alipokuwa ameishia. Hakuuliza kitu. "Kaa, mama yangu," akaniambia baadaye. "Hata ukisimama, faili halitembei." Akanipa ndizi ya kuchoma iliyopoa. Jina lake sikulishika, lakini namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye haraka, nikampenda papo hapo. Kulikuwa na kitambaa cheusi ukutani, na kijiti chenye kidude cheupe nchani. Ulitazama katikati, yeye akaleta kijiti kutoka pembeni, nawe ukasema "sasa" ukikiona. Kulia nilisema sasa, sasa, sasa. Kushoto tulikaa kimya wote wawili. Nilisikia kiatu chake tu kikisogea. Mwisho alichora duara kwenye karatasi, akapiga mistari nusu yake yote ya kushoto.

"Itarudi?" nikamuuliza.

"Palipokufa ubongoni hapafufuki, mama. Tutalinda palipobaki."

Nilimuuliza tena, nikidhani labda nimeuliza vibaya. Akanijibu vile vile, kwa upole zaidi, na huo upole ndio ulioniogopesha.

Nilipewa kidonge cha kumeza kila jioni, nirudi kila baada ya miezi miwili. Kidonge kile kilinibadilisha. Mdomo ulikauka, nikanenepa, nguo zikanibana. Mimi niliyekuwa naamka kabla ya jogoo nikawa naamshwa na mama mkwe kwa kutikiswa. Nilichukia mwili ule mzito. Kila asubuhi, kabla ya kusali, niliukagua mlango wa chumba upande wa kulia, bawaba ya juu, ya chini, kitasa, nione kama vyote vipo. Vikiwepo nilijua kwamba usiku msumeno haujala zaidi. Bado naukagua.

Klementi alionyeshwa ile karatasi. Aliishika, akaigeuza juu chini. "Duara hata mimi naweza kuchora," akasema, akamrudishia mdogo wake.

Mama mkwe ndiye aliyesema nipeleke isale. Tulikwenda mimi na Faustini. Nilipiga magoti mlangoni kwa Klementi, nikanyoosha jani, nikasema nimekosa. Alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema, "Yamekwisha." Akalichomeka juu ya mlango. Lakini hakutukaribisha ndani. Wiki ile ile alileta waya wa miba, akaufunga kwenye nguzo, juu ya vile visiki.

Kahawa ilipoiva hakuja. Miaka yote tulichuma pamoja, kwake leo, kwetu kesho. Mwaka ule nilichuma na mama mkwe, nikiacha matawi ya kushoto mekundu vile vile, na mama mkwe akipita nyuma yangu kimya kimya. Hapo ndipo nilipojifunza. Nilijifunza kugeuza kiwiliwili chote, siyo macho. Nikisoma, naweka kidole pale mstari unapoanzia, maana bila hivyo nilikuwa naanzia katikati na kushangaa mbona habari hazieleweki. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mwimo wa kushoto wa jikoni, bega likapumua. Nikanunua kofia pana ya kuzuia jua, nikaacha kabisa kukaa na njaa, na misumeno ikapungua, ikawa mmoja kwa mwezi, kisha mmoja kwa miezi miwili. Lakini kila nilipoteremka kwenye mabingobingo na kuuona ule waya, moyo ulinienda mbio. Sikuweza kupita pale bila kusimama na kuhesabu visiki.

Desemba ilifika, na Desemba watu wetu wote wanarudi mlimani, walioko Dar, walioko Arusha, kila nyumba ina moshi. Krismasi mwaka ule ilikuwa kwa Klementi kwa sababu ndiye mkubwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri. Mbuzi alipochinjwa nilijitokeza kusaidia, nikanyoosha mkono nipewe kisu.

"Kisu msimpe huyo," Klementi akasema, mbele ya wageni wote. "Ataanza na mbuzi, atamalizia na mpaka."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya banda nikalia nimeegemea ng'ombe wake.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Klementi kwa fimbo yake, na maneno aliyomwambia nilikuja kuyajua baadaye: "Ulipokea isale. Ukishalipokea, neno limezikwa. Wewe umelifukua mbele za watu. Sasa chuma isale umpelekee wewe."

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, beseni miguuni, namenya ndizi. Faustini alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, na shoka lilikuwa linapiga kelele. Mama mkwe alikuwa amerudi, amekaa kizingitini, anapukuchua maharage. Yanayofuata nilisimuliwa naye.

Klementi alitokea kwenye mibuni, upande wangu wa kushoto. Alikuwa amevaa shati la sikukuu lililopigwa pasi, na isale mkononi. Akaja mpaka nilipo, umbali wa mkono. Hakutamka neno, kwa sababu aliona aibu, na kwa sababu isale linajisemea. Akalinyoosha.

Mimi nikamenya ndizi.

Mama mkwe alisema uso wa Klementi ulikaza. Alidhani nimeamua kumwaibisha. Mama mkwe alifungua mdomo aniite, Klementi akamtikisia kichwa, akimaanisha acha, tuone atafika wapi. Akaendelea kusimama. Nikachukua ndizi nyingine, nikaimenya. Nikaanza na kuimba, wimbo wa Krismasi tulioimba kanisani jana yake, ule wenye sauti ya pili ninayoipenda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaingia kwenye beseni na kutoka, ukipita chini ya lile jani, mara ya pili, mara ya tatu. Mara moja ncha yake ilinigusa kwenye nywele, nikaifukuza nikidhani ni nzi.

Hapo, alisema mama mkwe, uso wa Klementi ukafunguka. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mlima huu wote hauna mtu wa kulifukuza isale kama nzi. Mwanamke anaweza kumchukia shemeji yake mpaka kaburini, lakini hawezi kuimba Krismasi chini ya isale lililonyooshwa kwake.

Alianza kuzunguka polepole, jani likiwa mbele yake. Mimi niliona kwanza ncha ya kijani ikitokea pasipo na kitu. Kisha vidole. Kisha Klementi mzima, kama mtu anayetoka ndani ya ukuta. Nilipiga kelele, kisu kikaangukia kwenye beseni.

"Yesu na Maria! Shemeji! Umefika saa ngapi?"

"Nilikuwa hapo."

"Hapo wapi?"

Akaonyesha kushoto kwangu. Nikageuza kichwa, nikaona nyayo zake kwenye udongo uliolowa, zimezama, za mtu aliyesimama muda mrefu.

"Nimekuhesabia ndizi tisa," akasema. "Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, shemeji."

"Na siku ile ya masale..."

"Ilikuwa hivi hivi. Pengine na siku ile nilikuwa naimba."

Klementi alikaa chini, kwenye tope, na shati lake la sikukuu. Mtu mzima, kichwa kina mvi, akalia kama aliyefiwa. "Nimekuita mwizi," alikuwa anasema. "Nimekuita mwizi mbele za watu." Nililipokea isale kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ina utomvu wa ndizi. Na mimi nililia. Shoka likanyamaza, Faustini akaja kuangalia kuna nini, akatukuta watatu, tunalia, mama mkwe anasema maharage yamemwagika nani ataokota.

Waya ulitolewa kabla ya mwaka mpya. Chini yake visiki vilikuwa vimechipua, maana isale ukilikata halifi, na vingi vilikuwa na vichwa viwili. Klementi aliwatembelea wote aliokuwa amewaambia, nyumba kwa nyumba, akafuta maneno yake. Na mabingobingo ya upande ule anakata yeye tangu siku ile, ananiletea mpaka horini. Nilimkataza, hakusikia.

Miaka imepita. Mama mkwe tumeshamzika. Mwanangu Agnesi yuko Dar, ananipigia simu ya mkononi kuniuliza kama nimemeza kidonge, na namjibu nimemeza hata kabla sijameza, kisha nameza. Msumeno bado unakuja, mara tatu au nne kwa mwaka. Ukija nakaa. Ndiyo, nakaa! Nimejifunza, ingawa miguu haijajifunza. Upande wa kushoto haukurudi, na sitamdanganya mtu kwamba nimezoea. Kuna siku nageuka geuka barabarani mpaka shingo inauma, nikihisi kuna kitu kinakuja kutoka pale pasipo na kitu.

Yule binti wa jirani aliniuliza kabla ya kuondoka, "Sasa mimi nifanye nini?" Nikamwambia aende hospitali wiki hii hii, asisubiri masika. Nikamwambia asinunue miwani mezani. Lakini kwanza, leo, kabla ya kulala, amwambie mtu. Na asiseme tu kwamba anaumwa kichwa, aseme haoni upande gani, ili huyo mtu ajue pa kusimama.

Jumapili tukiteremka kwenda misa, njia ni nyembamba na mfereji uko kushoto. Klementi sasa ni mzee, magoti yamemchoka, anatembelea fimbo. Lakini hunisubiri pale masale yanapoishia, na tukianza kushuka anapita upande wa mfereji. Hatuongei sana. Mimi simwoni hata kidogo. Nasikia tu fimbo yake kwenye kokoto, kushoto kwangu, mpaka mlango wa kanisa.